Kodi Iingiayo kwa Simu: Ni Nani Ashikaye Amana?



Himidi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita al-Amin na kumwekea amana zao kabla hajapewa utume. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi mama zetu na dada zetu mliojaaliwa kuwa na vyumba vya kupangisha, nasaha ya wiki hii imetokana na shauri lililoletwa barazani kwangu. Nimepata idhini ya wenyewe kulieleza, kwa sharti la kuwa nisitaje jina la mtu wala la nyumba, nami nitatimiza.

Alasiri moja alinijia bi mmoja mjane, mtu mzima wa heshima zake, mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Nyumba hiyo si ya mirathi. Aliinunua mwenyewe kwa dhahabu yake na kwa miaka mingi ya biashara ya nguo. Kama zilivyo nyumba nyingi za Majengo na Kisauni, imesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hivyo naye kila mwezi ana kodi ya kiwanja ya kulipa kabla hajala chake.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mpangaji wa chumba cha nyuma ananila hivi hivi nikimwona. Miezi minne hajanipa hata shilingi. Leo asubuhi nimemtia kufuli mlango."

Nikamwomba amwite mpangaji, na amwite pia mwana wa nduguye ambaye ndiye amsaidiaye kukusanya kodi. Mpangaji akaja na mtoto mgongoni. Ni mwanamke auzaye mahamri na mbaazi asubuhi, na tangu alfajiri hakuweza kuingia chumbani mwake kuchukua hata sufuria. Hakupiga kelele. Alitoa simu yake ndogo, ile waiitayo kabambe, akanionyesha jumbe nne za M-Pesa. Kila mmoja ulikuwa wa shilingi 4,500, na kila mmoja ulitumwa kabla ya tarehe 5 ya mwezi wake. Jumla ni shilingi 18,000. Zote zilikwenda kwenye laini ya yule kijana, na nambari hiyo alipewa na bi mwenyewe siku aliyohamia, kwa kuwa macho ya bi hayasomi tena maandishi madogo ya simu.

Sote tukamtazama kijana. Akainama kitambo, kisha akasema, "Shangazi, nisamehe. Nilikuwa na deni la Fuliza. Kila kodi ikiingia inakatwa papo hapo, kabla sijaigusa. Nikaona haya kukwambia. Nikasema hajalipa, nikitumai mwezi ujao nitajaza."

Wasiojua, Fuliza ni mkopo ulioanzishwa mwaka 2019 na Safaricom pamoja na benki, umruhusuo mtu kutumia kwenye M-Pesa zaidi ya alichonacho, kwa kulipia ada. Fedha zozote ziingiazo baadaye katika laini ile hukatwa deni kwanza. Mtambo hauulizi fedha hizi ni za nani, ni mshahara, ni mchango wa maiti, au ni kodi ya shangazi. Huona laini moja yenye deni, nao hukata.

Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia bi yule neno zito. Yule kijana ni wakala wake. Yeye ndiye aliyemweka na yeye ndiye aliyeitoa nambari yake. Katika fiqhi yetu, aliyemlipa wakala wako amekulipa wewe. Mpangaji hana deni, na kufuli lile mlangoni mwake ni dhuluma. Tena hata kama angekuwa na deni, sheria ya nchi haimruhusu mwenye nyumba kumfungia mpangaji mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mashauri hayo yana mahali pake pa kupelekwa.

"Mwalimu," akasema, na machozi yakimlenga, "niibiwe mimi, na mimi ndiye niombe radhi?"

Nikamwambia, "Naam, bi mkubwa. Hizo 18,000 ni haki yako juu ya huyu mwanao. Radhi ni haki ya mpangaji juu yako. Hizi ni haki mbili, na moja haiifuti nyingine."

Alinyamaza. Kisha akatoa ufunguo katika ncha ya leso, akampa mpangaji mkononi, akamwomba radhi mbele yetu. Kijana akaandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa shilingi 18,000 na atazilipa kwa miezi sita, shilingi 3,000 kila mwezi, na mashahidi wakatia sahihi. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza ni nyumba ngapi katika miji yetu ambamo shauri kama lile linatokota chini kwa chini, na hakuna aliyelifunua chungu.

Usahali uliokuja na mtihani wake

Simu hizi zimetuletea kheri, na si haki kuikana. M-Pesa ilianza hapa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007. Kabla ya hapo, mama mwenye vyumba alikuwa hana budi kugonga milango jioni, au kumtuma mtu aende na kurudi na noti mfukoni katika vichochoro vya giza. Leo mpangaji aliye Mtwapa anamlipa mwenye nyumba aliye Lamu kwa dakika moja, na mjane aliye katika eda anapokea kodi yake bila kutoka nyumbani. Hiyo ni neema.

Lakini zamani fedha zilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine, watu wawili walitazamana uso kwa uso, na mara nyingi palikuwa na daftari na stakabadhi. Leo wengi wetu tumeliacha daftari tukidhani simu ndiyo daftari. Simu huibwa, hutumbukia majini, hufutwa jumbe na mjukuu achezaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga, Mola wetu alitufundisha jambo hili katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Aya hiyo inahusu kuandika deni, kuweka mwandishi muadilifu na kushuhudiza, na inatutahadharisha tusichoke kuandika, liwe deni ni dogo au kubwa. Mwenye kuitafakari atajua kwamba kuandika si kumtuhumu mtu. Ni kumhifadhi yeye na kujihifadhi wewe.

Hatari ya ndani ya nyumba

Wengi wakisikia hatari ya kupokea fedha kwa simu, fikra huwaendea matapeli wa mbali. Mimi naanza na wa karibu, kwa sababu mashauri mengi yanijiayo hayatoki kwa matapeli. Yanatoka kwa mwana, mpwa, mjukuu, na wakati mwingine mume.

Mwanamke wa Kiislamu mali yake ni yake. Kodi ya nyumba yake si ya mumewe wala si ya kaka yake, ila atakachotoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Hukumu hii sote twaijua kwa ulimi. Lakini laini ya simu ikiwa imesajiliwa kwa jina la mume, au nambari ya siri ikijulikana na nyumba nzima, ile haki ya kisheria imebaki katika maneno tu. Nimewaona kina mama ambao hawajui nyumba yao inaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Hupewa "kitu" kila mwisho wa mwezi, wakashukuru, na hicho kitu ni chao wenyewe.

Ndugu zangu vijana mnaowasaidia wazee wenu, msiudhike kwa maneno haya. Kumsaidia shangazi ni ibada. Lakini wakala ni mwaminiwa, na sharti la amana ni kutoichanganya na mali yako. Ukiingiza kodi ya mtu katika laini ambayo ndiyo ununuliayo vocha, ulipiayo bodaboda na ukopeayo, umekwisha ichanganya. Na yaliyokatwa na deni lako yako juu yako, huwezi kumwambia mwenye mali kwamba mtambo ndio uliokata. Tena zingatieni kwamba deni lile lenyewe lina ziada juu yake, na wanazuoni wetu wametutahadharisha sana na mikopo ya namna hii. Ni msiba juu ya msiba kulipa riba yako kwa halali ya mjane.

Hatari ya nje

Sasa tuje kwa matapeli. Hila zao ni nyingi, lakini zinazowalenga wenye nyumba na wapangaji kila mwisho wa mwezi ni chache, na ukizijua umejikinga kwa sehemu kubwa.

Ya kwanza ni ujumbe wa uongo. Mpangaji, au mtu ajifanyaye mpangaji, anatuma arafa iliyoandikwa mfano wa M-Pesa, yenye kiasi, tarehe na saa. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, hauji kwa nambari ya kawaida ya mtu. Huanza na alama ya muamala yenye tarakimu na herufi kumi, ambayo hairudiwi kwa muamala mwingine. Lakini ushahidi wa kweli si ujumbe, ni salio. Kabla hujasema "nimepokea", tazama salio lako. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya 6 ya Surat al-Hujurat tuhakikishe habari ituletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na kutazama salio ni kuhakikisha.

Jamaa ya hila hii ni picha ya skrini. Mpangaji anakupelekea kwa WhatsApp picha ya malipo ya mwezi uliopita, iliyokatwa tarehe. Ukiwa na daftari lenye alama za muamala, utaiona alama ile ile imekwisha andikwa.

Ya pili ni "nimekosea, nirudishie". Unapata ujumbe kwamba umeingiziwa shilingi 7,000, kisha mtu anapiga simu kwa sauti ya huruma, mgonjwa yuko hospitali, fedha zilikuwa za dawa. Mama mwenye moyo mwepesi anamtumia 7,000 zake mwenyewe, na zile za kwanza hazikuwako kabisa. Hata zikiwa zimeingia kweli, usizirudishe kwa kutuma upya. Mwambie apeleke ujumbe wake wa muamala kwa nambari 456, ambayo ndiyo njia iliyowekwa ya kuomba fedha zirudishwe. Mkweli atafuata njia hiyo, na tapeli atakutukana akate simu.

Ya tatu ni hiyo hiyo njia ya 456 kutumiwa kwa ubaya. Mtu anakulipa amana na kodi ya mwezi wa kwanza, unampa ufunguo, kisha akigeuka tu anaomba fedha zirudishwe akidai alikosea nambari. Fedha zaweza kushikwa huku ombi likichunguzwa. Dawa yake ni kuwa na mkataba ulioandikwa, wenye nambari yako na kiasi kilichokubaliwa, uliotiwa sahihi kabla fedha hazijatumwa. Hapo dai la "nilikosea" halina miguu ya kusimama.

Ya nne inamlenga mpangaji kwa kutumia jina lako. Sote tumewahi kuupata ule ujumbe usemao "ile kodi tuma kwa nambari hii, yangu ina shida." Watu wameufanya mzaha, lakini tapeli huupeleka kwa watu maelfu mwisho wa mwezi, akijua kwamba hawakosi mia walio njiani kumlipa mwenye nyumba. Mpangaji akihadaika hivyo, bila ya wewe kuwa na mkono katika hilo, deni lake halijaanguka. Lakini utamdai nini mtu aliyekwisha poteza mshahara wake? Ni bora kuwaambia wapangaji wako mapema, kwa maandishi: "Nambari yangu haibadiliki kwa arafa. Nikiibadilisha, nitakuja mwenyewe au nitakuita."

Ya tano ni kuibiwa laini yenyewe. Tapeli mwenye nambari yako ya kitambulisho na habari zako anajifanya ni wewe na kuihamishia laini yako kwenye kadi yake. Simu yako hukatika mtandao ghafla, na kabla hujajua, kodi ya nyumba nzima imekwenda. Kwa hivyo usimpe yeyote nambari ya siri, wala tarakimu zitumwazo kwa arafa, hata ajitambulishe vipi. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Waweza pia kubonyeza *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa kadi mpaka ufike mwenyewe katika duka lao. Na ujumbe wa kitapeli upeleke kwa nambari 333 ili mwenzio asinaswe.

Laini ya marehemu

Jambo hili nalitaja peke yake kwa uzito wake. Baba amefariki. Ameacha nyumba yenye wapangaji, mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wapangaji wanaendelea kutuma kodi kwa nambari ile ile ya marehemu, na mwana mkubwa anaijua nambari ya siri. Anaendelea kutoa. Mwezi wa kwanza ni gharama za mazishi, wa pili ni khitma, na baada ya hapo hakuna aulizaye. Mama anaona haya kumhoji mwanawe, na mabinti wameolewa wako mbali.

Ndugu zangu, tangu saa ile roho ilipotoka, nyumba ile ni ya warithi baada ya madeni na wasia, na kodi yake hufuata nyumba. Tuchukue mfano. Kodi ya mwezi ni shilingi 32,000. Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani shilingi 4,000. Zinazobaki, 28,000, hugawanywa baina ya watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili: mwana anapata 14,000, na kila binti 7,000. Mwana aliyezichukua zote 32,000 hakuichukua mali ya babake. Amechukua 18,000 za mama yake na za dada zake. Na ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, basi hizo ni mali za yatima, na kila msomaji wa Surat an-Nisaa anajua onyo lililomo juu ya mwenye kuzila kwa dhuluma.

Njia ya salama ni kuisimamisha laini ya marehemu isipokee tena, kuwajulisha wapangaji wote kwa barua moja, na warithi wote, wanawake wakiwemo, kuafikiana juu ya akaunti moja na msimamizi mmoja atoaye hesabu kila mwezi. Yaliyobaki katika simu ya marehemu ni sehemu ya tirka, na yafuate njia ya mirathi. Mkikhitilafiana, Mahakama ya Kadhi ipo, na katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu walioridhia kwenda kwake. Kwenda kwa Kadhi si kumvunjia kaka heshima.

Ushuru na zaka

Fedha zipitazo kwa simu zina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haionwi na wewe peke yako. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye kupata kodi ya nyumba za makazi kuanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka alipe ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, bila kutoa gharama, kabla ya tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Kiwango hicho kimekuwa hivyo tangu Januari 2024. Kabla yake kilikuwa asilimia 10. Ile nyumba ya shilingi 32,000 kwa mwezi imo ndani ya sheria, na ushuru wake ni shilingi 2,400.

Sasa fikiri mama ambaye laini yake moja hupokea kodi, mchango wa harusi ya jirani, fedha za chama na matumizi atumiwayo na mwanawe aliye Dubai. Akiulizwa, atawezaje kubainisha? Yaliyo yake na yasiyo yake yamelala kitanda kimoja. Na shida hiyo hiyo humpata akitaka kutoa zaka. Nyumba ya kupangisha yenyewe haitolewi zaka, lakini akiba itokanayo na kodi ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, ina haki ya maskini ndani yake, robo ya fungu la kumi. Asiyejua alichonacho hawezi kujua anachodaiwa na Mola wake.

La kufanya

Kwanza, kodi iwe na laini yake au akaunti yake, iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, isiyokopewa Fuliza wala kununuliwa kitu. Mwenye vyumba kadhaa ni bora achukue njia ya Paybill iendayo moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Benki nyingi nchini zina njia hiyo, na zimo zinazofuata sharia. Ukifungua Paybill yako mwenyewe, mpangaji ataweza kuandika nambari ya chumba mahali pa akaunti, nawe utajua hii ni kodi ya chumba cha pili, hata kama imelipwa kwa simu ya shemeji yake. Nambari ya Till haina nafasi hiyo.

Pili, jueni mpaka wa simu. Kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2023, M-Pesa ya mtu haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Lakini usingoje mpaka huo. Kodi zikikamilika, zihamishe benki siku hiyo hiyo. Simu iwe mlango wa kupitia, isiwe sanduku la kuwekea.

Tatu, weka daftari la karatasi. Andika tarehe, jina la mpangaji, chumba, kiasi na ile alama ya muamala ya herufi na tarakimu kumi. Mpe mpangaji stakabadhi hata kama ana ujumbe. Ikiwa macho hayaoni, mwite binti yako aandike, na mwengine asome kwa sauti.

Nne, wakala wako mwandikie mipaka yake mbele ya mashahidi: akusanye nini, apeleke wapi, na ijara yake ni kiasi gani. Kijana anayehangaika na kodi za watu mwaka mzima bila ujira, huku naye ana mke na watoto, tumemweka karibu na mtihani. Mpeni haki yake ili asiitafute kwa mlango wa nyuma.

Tano, kabla hujamdhania mpangaji ubaya, mwite umuulize akuonyeshe. Na ukithibitisha kwamba kweli amekwama, kumbuka kuwa kumpa muhula mwenye dhiki ni katika mambo aliyotuusia Mola wetu katika sura hiyo hiyo ya al-Baqara, kabla tu ya aya ya deni. Aya hizo mbili zimekaa karibu, ya huruma na ya kuandika. Anayeandika vizuri ndiye awezaye kuhurumia vizuri, kwa sababu anajua anasamehe nini.

Yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu alifundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Nasi ngamia wetu wa zama hizi yumo ndani ya simu.

Na bi yule? Ijumaa iliyopita nilimkuta barazani kwake, na yule muuza mahamri ameketi ubavuni mwake na kalamu. Yeye ndiye amwandikiaye daftari sasa. Kijana amelipa miezi miwili, 6,000, na zote zimeandikwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulindie mali zetu na atulinde tusile mali za wenzetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.